Kuku mmoja, milo minne: faida iko mgongoni na shingoni

MLAJI wa kawaida akifika sokoni kununua kuku huuliza swali moja tu: bei gani? Mfanyabiashara mzoefu huuliza maswali mawili: bei gani, na kila kiungo cha kuku huyu kitakwenda kwa nani? Katika swali hilo la pili ndimo faida ilimojificha, na ndiyo maana kuku yule yule humtia hasara mmoja na kumjengea mwingine mtaji.

Wiki hii ukurasa huu unaangalia kuku mzima kama bidhaa. Tunamtazama kwa macho ya mama mwenye familia ya watu sita anayetaka fedha ya kitoweo ifike mwisho wa mwezi, na kwa macho ya mwenye kibanda cha chakula anayetaka mtaji wake urudi ukiwa umenenepa. Hesabu za wawili hawa zinafanana kuliko wengi wanavyodhani. Wahenga walisema mchele mmoja, mapishi mbalimbali. Na kuku ni hivyo hivyo, ila kuku ana mifupa, na mifupa ina thamani yake.

SOKO LINAVYOKWENDA

Katika masoko ya Dar es Salaam, kama lile la Shekilango, mnunuzi hukutana na kuku wa aina tatu, na kila aina ina hesabu yake.

Wa kwanza ni kuku wa kienyeji, anayeletwa kwa matenga kutoka mikoa kama Singida na Dodoma. Huyu huuzwa kwa kichwa, si kwa kilo. Mnunuzi humwinua kwa mkono na kumpapasa kidari. Mfupa wa kidari ukichoma kidole kama ukingo wa kisu, huyo ni manyoya na mifupa. Ukijaa nyama pande zote mbili, hapo ipo kilo ya kuuzika. Supu yake haina mpinzani, lakini nyama yake ni ngumu, na jogoo mkubwa anaweza kukaa jikoni saa moja na nusu au zaidi. Mkaa huo nao ni gharama, uingizwe katika hesabu.

Wa pili ni kuku wa kisasa wa nyama, anayekua kwa muda wa wiki tano hadi sita. Huyu huiva kwa dakika 30 hadi 40 na ana kidari kikubwa. Bei yake hufuata bei ya chakula cha mifugo, kwa kuwa chakula peke yake huchukua kiasi cha asilimia 60 hadi 70 ya gharama ya kumkuza. Mahindi, pumba, mashudu na soya vikipanda, kuku naye hupanda baada ya muda mfupi.

Wa tatu husahauliwa na wengi: kuku wa mayai aliyemaliza kazi. Wafugaji huwaondoa bandani wakiwa na umri wa karibu mwaka mmoja na nusu, utagaji unapopungua kiasi cha kutolipa chakula. Huuzwa wengi kwa mara moja, kwa sababu mfugaji anataka banda liwe tupu aingize vifaranga wapya. Nyama yake ni ngumu kiasi, lakini ana mafuta na supu nzito. Kwa pilau na kwa supu ya kibandani, huyu ndiye kuku wa mwenye akili ya biashara.

Bei za wote watatu hupanda kuelekea Iddi, Krismasi na Mwaka Mpya. Upande wa vijijini, mdondo (wengine huuita kideri) unapotajwa katika eneo, wenye kuku huharakisha kuuza kabla ugonjwa haujafagia banda, na bei huporomoka. Mfanyabiashara anayenunua wakati huo anunue kwa tahadhari, kwani kuku mmoja mgonjwa ndani ya tenga anaweza kumaliza safari nzima. Chanjo ya tone moja la jicho, inayorudiwa kila baada ya miezi mitatu hadi minne, ni nafuu kuliko tenga moja la mizoga.

KUKU ANAGAWANYIKAJE

Tuchukue kuku wa kisasa mwenye kilo 1.7 akiwa hai. Akishachinjwa, kunyonyolewa na kutolewa vya ndani, hubaki na takriban asilimia 70, yaani kilo 1.2. Kwa ajili ya hesabu tu, tuseme ananunuliwa kwa Sh 12,000, maana yake kila gramu 100 ni Sh 1,000. Msomaji aondoe bei hiyo na kuweka ya soko lake. Uwiano hautabadilika sana.

Kidari huchukua kama theluthi moja: gramu 400, sawa na Sh 4,000. Mapaja mawili pamoja na sehemu zake za chini nayo ni kama theluthi moja: gramu 400, Sh 4,000. Vipapatio ni sehemu ya kumi: gramu 120, Sh 1,200. Kilichobaki, yaani mgongo na shingo, ni gramu 280, sawa na Sh 2,800. Nje ya mizani hiyo vipo firigisi, maini, moyo, kichwa na miguu. Wapo wanaowaachia wanyonyoaji vitu hivyo pale pale sokoni bila kufikiri. Msomaji asifanye hivyo. Amelipia.

Sasa tulinganishe na vipande. Tuseme duka linauza mapaja na kidari kwa Sh 14,000 kwa kilo, wakati kuku mzima ni Sh 10,000 kwa kilo. Wengi husema kwa haraka kwamba kuku mzima ana nafuu ya Sh 4,000 kwa kila kilo. Si kweli kwa kila nyumba. Familia inayotupa mgongo na shingo, au inayovipika visiliwe, imekula gramu 920 tu kwa Sh 12,000. Kilo moja ya nyama iliyoliwa imegharimu zaidi ya Sh 13,000. Sehemu kubwa ya nafuu imekwenda na mifupa jalalani.

Kwa maneno mengine, muuza vipande hamwibii mtu. Anachukua faida ya mgongo na shingo ambayo mnunuzi hakuitaka. Anayenunua kuku mzima bila mpango wa mgongo analipa karibu sawa na anayenunua vipande, na juu yake anabeba kazi ya kukata.

MILO MINNE

Desturi ya nyumba nyingi ni kumtia kuku wote katika sufuria moja siku ya Jumapili. Watu sita hula, kila mmoja akapata kama gramu 200 pamoja na mfupa, na Jumatatu nyumba inarudi kwenye mchicha mtupu. Mpango ulio hapa chini ni wa nyumba yenye friji. Asiye nayo tutamfikia.

Kazi ya kwanza ni kukata. Toa mapaja, toa vipapatio, tenga kidari na mgongo. Weka mafungu manne, kila fungu katika chombo chake chenye mfuniko. Fungu lisilopikwa leo wala kesho liingie kwenye barafu siku hiyo hiyo, kwa kuwa nyama mbichi ya kuku haifai kukaa kwenye ubaridi wa kawaida zaidi ya siku mbili.

Mlo wa kwanza: mapaja. Yakatwe vipande sita hadi vinane, yapikwe mchuzi wa nazi au wa nyanya pamoja na viazi. Kila mtu anapata kipande kinachoonekana. Huu ndio mlo wa Jumapili, na heshima ya mezani inabaki pale pale.

Mlo wa pili: mgongo, shingo, kichwa na miguu. Miguu imwagiwe maji ya moto, imenywe ngozi ya nje na ikatwe kucha. Vyote vichemshwe kwa moto mdogo na kitunguu, tangawizi na chumvi, kwa maji yasiyopungua lita tatu. Supu itakayopatikana igawanywe. Nusu iliwe kwa ndizi mbichi au viazi na nyama itakayochambuliwa kwenye mifupa. Utashangaa mgongo una nyama kiasi gani ukichambuliwa kwa mkono. Nusu nyingine ipoe haraka na kuhifadhiwa kwa ajili ya mlo wa tatu.

Mlo wa tatu: kidari. Kikatwe vipande vidogo kama vya mishikaki, kikaangwe na kitunguu, bizari na njegere au karoti, kisha mchele upikwe humo humo kwa ile supu badala ya maji. Gramu 400 za kidari zikisambaa ndani ya sufuria ya wali hufika kwa watu sita bila ugomvi, na wali wenyewe una ladha ya kuku hadi punje ya mwisho.

Mlo wa nne: vipapatio, firigisi, maini na moyo. Firigisi ichemshwe kwanza mpaka ilainike, maini yaingie mwisho kwa kuwa huiva upesi. Kaanga kwa vitunguu na nyanya nyingi, kula kwa ugali na mboga za majani. Mafuta yaliyoganda juu ya supu ndiyo ya kukaangia, na chupa ya mafuta dukani inapumzika siku moja.

Gharama ya kuku kwa mlo mmoja imeshuka kutoka Sh 12,000 hadi Sh 3,000. Hapo ndipo wengi husimama na kupiga makofi. Ukurasa huu unaomba msomaji aendelee kidogo.

MCHUZI SI NYAMA

Kugawa kuku katika milo minne hakuongezi hata gramu moja ya nyama. Kilo 1.2 ukiigawa kwa watu sita na milo minne ni gramu 50 kwa mtu kwa mlo, mfupa ukiwemo. Kinachoongezeka ni ladha, na ladha haimjengi mtoto mwili. Supu ina chumvi, mafuta na harufu nzuri. Protini nyingi imebaki kwenye nyama. Mchuzi unanukia kuku, lakini hauna kuku.

Kwa hiyo mpango huu una sharti. Kila mlo ambao kuku ni kidogo, pawepo kitu kingine cha kujenga mwili: maharage, kunde, choroko, dagaa au mayai. Maharage yaliyolowekwa usiku kucha na kupikwa kwa supu ya mgongo yana ladha ambayo mtu hawezi kuitafuta hotelini, na ndiyo yanayoziba pengo la nyama. Nyumba inayopunguza kuku bila kuongeza maharage haijabana matumizi. Imewapunja watoto.

Ipo pia desturi ya kugawa. Katika makabila mengi yetu firigisi ni ya baba, vipande vikubwa ni vya wakubwa na wageni, na mtoto hupewa shingo na mchuzi wa kulowekea ugali. Kuku anapoliwa mara moja kwa wingi, desturi hiyo haina madhara makubwa, kwa sababu hata anayepewa mwisho hupata. Lakini kuku akigawanywa mara nne, anayepewa mwisho hapati kitu mara nne. Maini ni chakula chenye madini ya chuma na vitamini A kwa wingi. Mtoto mdogo anayahitaji kuliko mtu mzima aliyekwisha kukua. Baba atakayetoa firigisi na maini yake kwa mtoto hatapungukiwa heshima.

ASIYE NA FRIJI

Nyumba nyingi za makabwela hazina friji, na zenye friji hazina hakika ya umeme. Kwao kuku hai ndiye friji: haozi mpaka siku achinjwe. Hiyo ni sababu mojawapo inayofanya masoko ya kuku hai yadumu mbele ya maduka yenye barafu.

Lakini akishachinjwa, saa inaanza kuhesabu. Katika joto la Pwani, nyama iliyopikwa haifai kukaa nje ya moto zaidi ya saa mbili. Asiye na friji atumie siku moja na si wiki: mchana mapaja na kidari, jioni supu ya mgongo na vya ndani, sufuria ikibaki juu ya makaa madogo ikifuka moshi muda wote na imefunikwa. Kuacha nyama ipoe mchana kutwa na kuipasha jioni ni kamari, kwani sumu za baadhi ya vijidudu haziondoki kwa kupasha.

Njia nyingine ni ya ubia. Majirani wawili wachange, wanunue kuku wawili kwa wiki badala ya kila mmoja kununua wake siku moja. Jumatano anachinjwa wa kwanza na kugawanywa nusu kwa nusu, Jumapili anachinjwa wa pili. Kila nyumba imelipia kuku mmoja, imekula kuku siku mbili tofauti, na hakuna kilicholala. Mgongo ukienda nyumba moja wiki hii, wiki ijayo uende nyingine, ubia usivunjike.

Anayenunua kuku wa barafu naye awe macho. Apime baada ya barafu kuyeyuka. Maji yaliyoganda ndani ya mfuko yamelipiwa bei ya nyama.

KWA MAMA LISHE NA MWENYE KIBANDA

Mwenye kibanda cha chipsi anamjua kuku kwa robo, nusu na mzima. Kuku mmoja humpa robo nne. Wengi hukata robo pamoja na mgongo wake, mteja akaona kipande kikubwa. Hilo si kosa, mradi bei ya robo imeuhesabu mgongo. Kosa ni kuuza robo yenye mgongo kwa bei ya robo isiyo na mgongo, kisha kushangaa kwa nini mwisho wa wiki mtaji umekonda.

Njia ya pili ni kutoa mgongo na shingo, kuuza robo ndogo kidogo, na kufungua biashara ya supu ya asubuhi. Tuchukue anayetumia kuku watano kwa siku. Migongo na shingo ni kilo 1.4, vichwa vitano na miguu kumi. Kwa lita tano za maji, baada ya kuchemka taratibu, itapatikana kiasi cha lita nne, nazo ni bakuli 12 au 13 za mililita 300. Bakuli ikiuzwa, kwa mfano, Sh 1,000, bakuli 12 ni Sh 12,000. Hiyo ni bei ya kuku mmoja katika hesabu yetu. Ukishatoa mkaa, limao, pilipili na chapati za kusindikizia, sehemu kubwa ya kuku wa sita imelipwa na mabaki ya wale watano.

Hesabu hiyo ina masharti matatu. Kwanza, mteja wa robo akubali ukubwa mpya kwa bei ile ile. Akihamia kibanda cha jirani, faida ya supu imeliwa na hasara ya chipsi. Mgongo hauuzwi mara mbili. Pili, asubuhi wawepo wanywa supu: madereva, wapiga debe, mafundi, wachukuzi. Kibanda kilichoko mtaa wa ofisi kinachofunguliwa saa tano hakina soko la supu. Tatu, migongo ya jana ihifadhiwe kwenye barafu usiku kucha. Asiye na barafu aichemshe jioni ile ile na kuuza supu usiku.

Wapo pia wanaoanza na mtaji mdogo kuliko huo: wauzaji wa vichwa, miguu, shingo na utumbo wa kukaanga, wanaoonekana jioni katika mitaa ya uswahilini. Hawa hununua kutoka kwa wachinjaji kile ambacho mahoteli hayakitaki. Faida yao kwa kipande ni senti chache, lakini mtaji huzunguka kila siku, na mtaji unaozunguka kila siku ni tajiri kuliko mtaji mkubwa uliolala. Usafi ndio unaowatenganisha wanaodumu na wanaofungiwa: utumbo upasuliwe, usuguliwe kwa chumvi na limao, uoshwe mara kadhaa na uchemshwe kabla ya kukaangwa.

DUNIANI NAKO NI HIVYO HIVYO

Asidhani mtu kwamba hesabu ya shingo na miguu ni ya walalahoi peke yao. Nchini Marekani, mwaka 1962, zaidi ya kuku wanane katika kila kumi waliuzwa wazima. Siku hizi ni kama mmoja tu katika kumi. Waliobaki huuzwa kwa vipande au kama vyakula vilivyokwisha tayarishwa. Wamarekani hupenda kidari, hivyo mapaja yakabaki mengi, na kampuni zikayatafutia wanunuzi ng'ambo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mapaja hayo yalifurika Urusi hadi Warusi wakayabatiza jina la miguu ya Bush, wakimtaja Rais wa Marekani wa wakati ule. Miguu yenyewe, ile yenye kucha, hupelekwa China, ambako ni kitafunwa kinachopendwa.

Kampuni hizo huuza kidari nyumbani kwa bei nzuri, na kwa sababu gharama imekwisha kurudi, huweza kutupa mapaja ng'ambo kwa bei ambayo mfugaji mdogo hawezi kuifikia. Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kuku kutoka nje mwaka 2006 kwa hofu ya mafua ya ndege. Sababu ilikuwa ugonjwa, lakini wafugaji wa ndani walipata nafasi ya kupumua. Mwekezaji anayefikiria banda la kuku aielewe nguvu hiyo: mshindani wake wa kweli ni yule aliyepata mnunuzi wa kila kiungo.

USHAURI WA WIKI

Kwa mlaji: kabla hujalipa, sema moyoni mgongo utapikwa siku gani. Ukikosa jibu, nunua vipande tu, hutapoteza kitu. Ukiwa na jibu, nunua mzima, dai kichwa, miguu na firigisi zako, na uweke maharage kwenye maji usiku huo huo.

Kwa mwenye kibanda: chukua daftari, kwa wiki moja andika kuku wangapi wameingia, robo ngapi zimetoka, na mgongo umekwenda wapi. Wiki moja inatosha. Ukikuta migongo haionekani popote katika daftari, ujue ndiyo inayokula faida yako.

Kwa mwenye akiba ndogo anayetafuta pa kuiweka: kabla ya kujenga banda la kuku mia mbili, zungumza na watu watatu, yaani mwenye hoteli anayetaka kidari na mapaja, mama lishe anayetaka migongo, na muuza vichwa na miguu. Ukiwapata wote watatu, kuku wako wameuzwa kabla hawajaanguliwa. Ukimpata mmoja tu, utamuuzia kwa bei atakayoitaka yeye.